Apandaye Maharagwe na Apande Fito Kwanza

Na mwanafunzi wa mwaka wa sita

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za michezo, safari na mitihani. Leo naomba nafasi nieleze habari ya bustani, yaani fito na maegemeo ya kusimamishia mimea mirefu. Huenda msomaji akacheka na kusema, "Fito nazo ni habari ya kuandikwa?" Lakini kwetu Rwanda, hasa huku kaskazini penye milima ya volkano, ni fito ziamuazo kama nyumba itakula maharagwe yake mpaka mavuno mengine, au kama itakwenda kuyanunua sokoni kabla ya msimu kwisha. Wahenga walisema, Mti hauendi ila kwa nyenzo. Haragwe nalo haliendi juu ila kwa ufito.

Watu wengi huchagua mbegu kwa uangalifu, hutafuta samadi, huomba mvua, kisha siku ya kusimika fito ndipo huanza kuuliza, "Tutazipata wapi?" Mimi naona mambo hayo yamepinduliwa. Fito ni zao, kama maharagwe yenyewe yalivyo zao, nazo zataka kupandwa mapema kuliko mbegu. Hayo ndiyo nitakayoeleza, na baadaye nitataja mimea mingine ya bustani ya nyumbani, ile tuiitayo kwa Kinyarwanda akarima k'igikoni, kwa kuwa nayo yataka kusimamishwa.

KWA NINI MAHARAGWE YAPANDE JUU?

Maharagwe ni ya namna mbili. Yako maharagwe mafupi, yasimamayo yenyewe kama kichaka kidogo. Na yako maharagwe yatambaayo, ambayo sisi huyaita mushingiriro. Haya ya pili hupanda mita mbili, hata tatu, yakipata kitu cha kushika. Maharagwe mafupi hutoa maua kwa muda mfupi, kisha basi. Yale yatambaayo huendelea kurefuka na kutoa maua juu, huku ya chini yamekwisha kuwa maganda. Kwa hiyo, katika shamba la ukubwa ule ule, maharagwe yatambaayo yaliyosimikiwa fito vizuri yaweza kutoa mara mbili au mara tatu ya maharagwe mafupi.

Katika nchi yenye ardhi tele jambo hilo ni dogo. Kwetu ni kubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha ya kuwa Rwanda ina watu zaidi ya milioni 13, yaani watu 503 hivi katika kila kilomita moja ya mraba. Familia nyingi hulima shamba lisilofika hekta moja, na shamba hilo hugawanywa tena wana wanapooa. Shamba haliwezi kupanuka kwenda kwa jirani. Njia iliyobaki ni kupanuka kwenda juu.

Zamani maharagwe yatambaayo yalilimwa hasa kaskazini magharibi ya nchi, upande wa Ruhengeri na Gisenyi, mahali panapoitwa siku hizi Musanze na Rubavu. Kwingine watu walilima zaidi yale mafupi. Katika miaka ya 1980 ugonjwa wa kuoza mizizi ulizidi katika mashamba yaliyolimwa maharagwe mfululizo bila kupumzishwa. Ndipo wataalamu wa ISAR, iliyokuwa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Rwanda, wakishirikiana na wale wa CIAT, kituo cha kimataifa kilichoko Kolombia, walipowapa wakulima mbegu zitambaazo, ambazo zilistahimili ugonjwa huo kuliko zile fupi. Mbegu moja iliyopendwa sana iliitwa Umubano, jina lenye maana ya kuishi vema pamoja. Asili yake ni Meksiko. Baadaye kilimo hicho kilienea kutoka Rwanda mpaka Kigezi katika Uganda, hata magharibi ya Kenya.

Lakini angalieni jambo moja. Mbegu husafiri mfukoni, fito hazisafiri. Mahali pengi mbegu ilifika, mtu akaifurahia, kisha akatazama huku na huku asione mti wa kukata. Hapo ndipo shida ilipoanzia, na mpaka leo haijaisha.

JINSI MIMEA IPANDAVYO

Kabla ya kukata ufito yafaa tujue mmea hushika kwa kitu gani. Nimeigawa mimea yetu katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mimea ijizungushayo yenyewe, na mkubwa wao ni haragwe. Ncha ya haragwe changa haitulii. Huzunguka polepole hewani kama mtu apapasaye gizani akitafuta mlango, nayo humaliza mzunguko mmoja kwa muda wa saa mbili hivi. Mwingereza Charles Darwin aliiandika habari hiyo mwaka 1865, baada ya kuikalia mimea ya namna nyingi na kuipima. Ncha ikigusa ufito huuzunguka na kupanda. Tena, ukiitazama kutoka juu, huzunguka siku zote kinyume cha mishale ya saa. Jambo hili si la darasani tu. Mara nyingi tunakuta mmea umeanguka, tunauokota na kuuviringisha juu ya ufito upande wowote tupendao, na kesho tunaukuta umejifungua. Uviringishe kwa upande wake wenyewe, nao utakaa.

Kwa sababu haragwe hukumbatia, halipendi nguzo nene. Ufito unene wa kidole gumba au kuzidi kidogo watosha. Wala halipendi kitu kilicho laini mno, maana huteleza chini mzigo ukizidi. Ganda la mti likiachwa, au vifundo vya matawi visipochongwa sana, mmea hupata pa kukanyaga.

Fungu la pili ni mimea yenye vikono vyembamba kama nyuzi, vitokavyo penye majani na kujisokota katika kitu chochote chembamba vinachokigusa. Humo mna njegere, matango, maboga na yale matunda ya pasheni. (Mgeni ajuaye Kiswahili asishangae akija kwetu: tukisema amatunda kwa Kinyarwanda twamaanisha pasheni tu, si matunda yote.) Mimea hii haiwezi kukumbatia ufito mnene, maana vikono vyake ni vifupi. Yataka vitawi, kamba, wavu au waya.

Fungu la tatu ni mimea mirefu isiyo na cha kushikia kabisa. Nyanya ndiyo mfano wake. Hurefuka, huzaa matunda mazito, kisha hulala chini kama mlevi. Hiyo yataka kufungwa kwa mkono wa mtu.

HESABU YA FITO

Sasa tuje kwenye maharagwe, tufanye hesabu ambayo kila mwanafunzi wa darasa la chini aweza kuifanya. Chukua kipande cha shamba cha mita 10 kwa mita 10. Panga mistari iachanayo nusu mita. Utapata mistari 20. Katika kila mstari simika ufito kila baada ya sentimita 40; utapata fito 25. Mistari 20 mara fito 25 ni fito 500. Kwa hekta nzima ni fito 50,000, na hicho ndicho kipimo washauri wa kilimo wanachotaja mara nyingi. Wakulima wengi hawafikishi hesabu hiyo kwa sababu hawana fito, na mavuno yao hupungua kwa kadiri hiyo.

Tena, kwetu kuna misimu miwili ya maharagwe katika mwaka: mmoja huanza mwezi wa Septemba, na mwingine huanza mwezi wa Februari au Machi. Kama fito zako huoza kila msimu, kipande kile kidogo chataka fito 1,000 kwa mwaka. Kama hudumu misimu minne, chataka fito mpya 125 tu kwa msimu. Kwa hiyo kuchagua ufito na kuutunza ni kazi moja.

Ufito mzuri wa haragwe ni wa mita mbili na nusu au karibu yake. Uchonge upande mmoja, toboa shimo kwa mtaimbo au kijiti kigumu, uingize kadiri ya sentimita 30 au 40, kisha kanyaga udongo pembeni. Usiupige kwa nyundo mpaka ukapasuka kichwa, maana mvua itaingilia hapo na kuuozesha. Panda mbegu mbili au tatu kwa kila ufito, si zaidi ya nne.

Je, zisimikwe lini? Wengine husimika kabla ya kupanda, na hiyo ni salama. Wengine hungoja mimea iote ndipo wasimike. Hao nao hawakosei, ila wasipitishe wiki mbili au tatu, kabla ncha hazijaanza kupapasa na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Ukichelewa utakata mizizi kwa mtaimbo na kuvunja mashina wakati wa kuyafumua.

Kama shamba liko mlimani, mistari ifuate matuta ya ngazi, isishuke na mteremko. Tena fito zisipandwe mahali ambapo zitatia kivuli mboga fupi. Huku kwetu karibu na ikweta jua la mchana hupita juu ya kichwa, lakini jua la asubuhi lafaa sana kwa kukausha umande. Kwa hiyo mimea mirefu ikae upande wa magharibi wa bustani, na kabichi na karoti zikae mashariki yake.

FITO ZATOKA WAPI?

Shangazi yangu ni mjane mwenye shamba jema la udongo mweusi, lakini hana mti hata mmoja. Kwa misimu kadhaa alinunua fito chache, akasimika nusu ya shamba, na nusu ya pili akapanda maharagwe mafupi. Msimu mmoja alithubutu kupanda yatambaayo kila mahali, akitumaini kupata fito baadaye. Hakuzipata. Mimea ikatambaa chini na kushikana, maganda yaliyogusa udongo yakaoza kabla ya kukauka. Msimu huo huo jirani zake wawili waligombana hata wakafikishana kwa wazee, kwa sababu fito za mmoja ziling'olewa usiku. Bibi yangu aliposikia habari zote mbili alisema, "Mjukuu wangu, mwenye mbegu bila fito ana chakula cha kuku." Sikuwa na la kujibu.

Njia nyepesi ni kuingia katika msitu au kukata mikalitusi michanga. Njia hiyo ina gharama isiyoonekana. Kila mkalitusi mchanga uliokatwa kuwa ufito ni nguzo ya nyumba ambayo haitakuwako. Na misitu yetu ya asili imekwisha kutufundisha. Msitu wa Gishwati, uliofunika milima mingi ya magharibi, ulipotea sehemu yake iliyo kubwa kwa kukatwa ili kupata malisho na mashamba, na kilichobaki kiliunganishwa na Mukura kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2015. Mwezi wa Mei 2023 mvua nyingi zilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi katika Mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na watu zaidi ya 130 wakafa. Sisemi ya kuwa fito ndizo zilizoleta msiba huo. Mvua ile ilikuwa kubwa mno. Lakini kila aishiye mlimani ajua ya kuwa mlima wenye mizizi hushika udongo kuliko mlima mtupu. Tusitafute chakula kwa kuukata mguu tunaosimamia.

Basi fito zilimwe. Nitataja zile zinazofaa.

Kwanza ni mabingobingo, yale majani marefu yenye mabua, ambayo sisi huyaita urubingo. Hupandwa kwa vipande vya bua kwenye ukingo wa matuta ya ngazi, na mizizi yake hushika udongo usishuke na maji. Ng'ombe na mbuzi huyala yakiwa machanga. Ukitaka fito, acha mstari mmoja usikatwe mpaka mabua yawe magumu na marefu. Kasoro yake ni kuwa bua hudumu msimu mmoja tu, au miwili ukibahatika. Tena usilisimike likiwa bichi, maana litatoa mizizi na kuanza kula chakula cha maharagwe yako. Likaushe kwanza juani.

Pili ni miti ichipuayo baada ya kukatwa, kama vile kaliandra na alnusi. Kaliandra hupandwa kwa mstari mmoja ukingoni, na hukatwa kwa urefu wa mita moja hivi kutoka chini. Hapo hutoa machipukizi mengi yaliyonyoka. Majani yake ni chakula cha mifugo. Alnusi hupenda baridi ya milimani, na matawi yake yafaa kwa fito wakati shina likiendelea kunenepa kuwa mbao. Miti hii miwili ina fadhila nyingine: katika mizizi yake mna vijidudu vidogo sana vinavyochukua nitrojeni ya hewani, na majani yake yakianguka udongo hupata mbolea. Grevilea nayo hupogolewa matawi bila kufa, na fito zake hudumu kuliko mabua.

Tatu ni mianzi. Ni imara na myepesi, na hudumu misimu kadhaa. Lakini huchukua miaka kabla ya kuvunwa, tena hutaka mahali pake penyewe, kama vile bondeni karibu na mto. Kwa kuwa ni laini, acha vifundo vyake bila kuvichonga.

Nne ni mkalitusi. Siukatai, maana ufito wake hudumu misimu mitatu au zaidi. Lakini usiupande karibu na bustani, kwa sababu hunywa maji mengi na mizizi yake huenda mbali. Upandwe juu kwenye mawe, mahali pasipofaa kwa chakula, nao ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki.

KUPUNGUZA FITO

Asiye na fito za kutosha asikate tamaa, kwa maana ziko njia za kuzitumia chache.

Njia ya kwanza ni kufunga fito tatu au nne pamoja kwenye ncha, miguu ikiwa imetanuka chini. Hesabu ya fito haipungui sana, lakini kila moja yaweza kuwa nyembamba, maana zategemeana, na upepo hauziangushi. Hapo hata mabua ya mabingobingo husimama imara.

Njia ya pili ni kamba. Simika nguzo imara kila baada ya mita mbili na nusu, funga kamba moja juu kutoka nguzo mpaka nguzo, kisha teremsha kamba nyembamba kwa kila shina la maharagwe na kuifunga kwenye kijiti kidogo kilichopigiliwa ardhini. Turudi kwenye kipande chetu cha mita 10 kwa mita 10. Kila mstari utahitaji nguzo 5, na mistari 20 itahitaji nguzo 100 badala ya fito 500. Hiyo ni akiba kubwa ya miti. Lakini nisiwadanganye: kamba za kuteremsha zitakuwa 500, na kila moja ni ya mita mbili, yaani mita 1,000 za kamba, na zile za juu ni mita 200 tena. Kamba za magome ya mgomba hazinunuliwi, ila hudumu msimu mmoja tu na husokotwa kwa jasho. Za katani hudumu zaidi, lakini huoza pale zinapogusa udongo. Kazi hii yafaa nyumba yenye migomba mingi na watoto wengi wa likizo. Nyuzi za plastiki sizisifu, maana vipande vyake hubaki shambani miaka mingi, na nchi yetu ilikwisha kukataza mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008.

Njia ya tatu ni mahindi. Huko Meksiko, nyumbani kwa mahindi na maharagwe pia, watu wamevipanda pamoja tangu kale, haragwe likipanda juu ya bua la hindi. Nasi twaweza, kwa masharti mawili. Hindi litangulie kupandwa wiki mbili au tatu, lipate nguvu. Na haragwe lisiwe lile lenye majani mengi na nguvu nyingi, maana litalivuta hindi mpaka liiname. Mavuno ya maharagwe hayatafikia yale ya fito, lakini utavuna vitu viwili.

MIMEA MINGINE YA BUSTANINI

Nyanya ndefu, zile zisizoacha kukua, kila shina lapewa ufito wa mita moja na nusu au mbili, usimikwe siku ile ile unapohamisha mche, ili usikate mizizi baadaye. Funga kwa ukanda wa gome la mgomba, ukivuka katikati kama tarakimu ya 8: upande mmoja wa nane uwe ufito, upande wa pili uwe shina. Hapo shina halisuguliwi wala halinyongwi. Funga chini ya jani, usifunge chini ya kichala cha matunda. Ondoa machipukizi yatokayo katika kwapa za majani. Faida si usafi tu. Jani lililoinuliwa hukauka haraka baada ya mvua, na ugonjwa wa ukungu ulao nyanya zetu milimani hupenda majani yaliyolowa. Nyanya fupi zaweza kusimamishwa kwa mstari wa nguzo na kamba mbili, moja kila upande, mimea ikiwa katikati.

Njegere zitafutie matawi makavu yenye vitawi vingi, ya kimo cha mita moja au kuzidi. Yale ambayo mama hukataa kuwa kuni kwa sababu ni membamba ndiyo hasa yafaayo. Matango hupanda kamba au wavu, nayo yakining'inia hunyoka na hayaozi tumbo. Pasheni hukaa miaka, kwa hiyo lazima zipewe nguzo nene na waya uliovutwa juu, kimo cha mtu mrefu.

Kwa ninyi wakubwa wetu mkaao Kigali, msio na shamba ila ukuta na ua, kamba zilizofungwa kutoka kwenye ubao wa chini mpaka misumari ya juu zatosha kwa mistari miwili ya maharagwe. Gunia moja la udongo mzuri na fito tatu zilizofungwa vichwa laweza kulisha nyanya au matango.

KUTUNZA FITO

Mavuno yakiisha, wengine huacha fito shambani zikapigwa na mvua na kuliwa na mchwa, au huzichoma jikoni. Hiyo ni hasara. Zing'oe mara moja, ukwangue mabua yote makavu yaliyozishika, maana humo hulala magonjwa yangojayo msimu ujao. Ncha iliyooza ikate na kuichonga upya. Ziache juani siku chache, kisha zisimamishe chini ya paa, juu ya mawe, zisiguse udongo. Ufito uliofupika usitupwe. Mwaka huu ulikuwa wa maharagwe, mwakani utakuwa wa nyanya, na baada ya hapo wa njegere. Lakini fito zilizotoka kwenye nyanya zenye ugonjwa zisirudi kwenye nyanya kabla hazijaoshwa na kukaushwa vema.

LA KUFANYA SASA

Wasomaji wenzangu, likizo itakapofika fanyeni mambo manne. Pimeni shamba la nyumbani na kuhesabu fito linazohitaji. Hesabuni zilizopo. Tazameni kingo za matuta ya ngazi zilizo tupu. Kisha, mvua za kwanza zikianza, pandeni hapo mabingobingo, na nyuma yake mstari wa kaliandra au alnusi. Mabingobingo yatawapa fito za kwanza wakati miti ikingali inakua. Miti itakapokuwa tayari, rudisheni mabingobingo kwa ng'ombe.

Shangazi yangu alianza hivyo mvua zilizopita, kwa vipande vya mabua alivyopewa bure na ndugu. Bado hajapata fito za shamba zima. Ila ukingo wake sasa una kijani, udongo haushuki tena kwa jirani wa chini, na mbuzi wake wamenenepa kabla hata haragwe moja halijapanda juu.

Nanyi wakubwa wetu, wengi wenu mmepata kazi na mwajenga miji yenu. Mkileta zawadi nyumbani, leteni na miche. Fedha za maharagwe yaliyouzwa ndizo zilizowalipia wengi wetu madaftari na sare, nami ni mmoja wao. Nitafurahi kusoma katika toleo lijalo jinsi fito zipatikanavyo kwenu, na kama kuna mti mwema ambao sikuutaja, tafadhali mtuandikie.